Ndagala za Madame Godelieve

Rumonge, 14 Januari 2002

Mwanangu Cirhuza,

Bwana asifiwe. Mimi ni mzima, na ninaomba barua hii ikukute mzima pia, umejifunika vizuri kwa baridi hiyo ya Liège ambayo Olivier msafirisha sabuni anasema inauma masikio. Elda mjukuu wangu anakusalimu. Mdogo wake Benita anakusalimu na anauliza kama ni kweli huko mvua huanguka ikiwa nyeupe. Jirani yetu Kabibi naye anakusalimu, ingawa salamu zake hazikosi neno nyuma, na neno lenyewe ni hili: "Uyo mutoto wako iko na bibi muzungu tayari?" Nilimwambia nitauliza. Basi nimeuliza.

Ziwa lipo, mawese yapo, na ndagala, dagaa wetu wadogo, wiki hii zilianikwa ufukweni mpaka mchanga ukafunikwa wote. Milio ya bunduki tunaisikia upande wa milimani, lakini siyo kila siku. Tunalala.

Sasa neno lililonikalisha chini. Pesa uliyompa mtu amletee Olivier, naye Olivier aniletee, nimemwambia airudishe ilikotoka. Usinune. Nilikulea tangu dada yangu, mama yako, alipofariki, na sikukulea ili uje unilipe. Lakini hata hilo si kubwa. Kubwa ni Elda. Ana miaka kumi na saba, na kila siku anaona watu wanapanda mashua kwenda Tanzania, kambini, kula chakula cha kugawiwa. Ananiuliza: "Nyanya, sisi tunangojea nini?" Unajua baba yake, mwanangu Cubaka, alivuka kwenda kutuandalia nafasi, homa ikamchukua hukohuko, na kaburi lake sijaliona. Mimi nyumba hii sitaki ivuke kipande kipande. Lakini nikianza kula pesa ya kutumiwa, Elda ataniuliza tofauti ya hapa na kambini ni nini. Ninataka kazi. Akiwa na kazi mikononi atabaki.

Olivier anasema huko kwenu watu wananunua vitu kwa kompyuta, bila kwenda sokoni, na muuzaji anaweza kuwa ng'ambo. Kama ni kweli, tuuzie vitunga. Ni vilevile unavyovijua, vya nyasi iliyozungushiwa nyuzi za mkonge, vyenye kifuniko kirefu cha ncha. Zamani wageni walikuwa wanasimamisha magari kuvinunua. Tangu barabara iwe ya kuviziwa hakuna anayesimama. Tunasuka watatu, mimi, Elda na Kabibi, na sindano iliyobaki ni moja, ile niliyotengeneza kwa ubavu wa mwavuli. Tunapokezana, na anayengoja anatia maneno.

Nimempa Olivier vitunga vitatu vya mfano, atavifikisha posta Bujumbura akishusha mzigo wake wa sabuni. Sikuvituma vitupu. Kwetu kitunga hakitoki mlangoni bila kitu ndani, na hata mnunuzi ni mtu. Atakuta ndagala katika kila kimoja. Mwambie azikaange kwa mawese. Kama hana mawese, Mungu amsaidie.

Mama yako mdogo,
Mwavita


Liège, 25 Februari 2002

Mama Mdogo mpendwa,

Amahoro. Barua yako na vitunga vimefika siku moja, karatasi ya nje imechanika pembeni lakini ndani kila kitu salama. Nami ni salama. Masomo yanaendelea. Chumba changu ni kidogo lakini kina dirisha, na baridi nimeizoea kiasi. Mwambie Benita ni kweli, mvua nyeupe ipo, nayo haina sauti kabisa. Mwambie Mama Kabibi bado.

Kuhusu pesa sikununa. Nilinuna siku mbili tu.

Lile soko lipo, Olivier hakudanganya. Unaandika jina la kitu, unaweka picha, unasema bei na gharama ya posta, halafu mtu wa mji wowote, hata wa nchi nyingine, akikipenda anakuandikia. Unakifunga, unakipeleka posta, unajaza karatasi ya forodha kueleza kilichomo, basi. Mimi natumia kompyuta za maktaba ya mtaa. Wananipa nusu saa, kisha mzee mmoja anasimama nyuma yangu anakohoa. Niliazima kamera kwa rafiki, nikavipiga picha vitunga juu ya kitanda.

Na sasa furahi: vyote vitatu vimenunuliwa! Amevichukua mama mmoja wa hapahapa, anaitwa Madame Godelieve. Anasema hajaona kazi ya mikono iliyokazwa namna ile. Ndagala nimeziacha ndani kama ulivyoagiza. Anataka vitunga vingine vinne, vikubwa kidogo. Malipo yake nimempa mtu anayesafiri, atamkabidhi Olivier. Hii siyo pesa yangu, Mama Mdogo, ni jasho lako. Hii usiirudishe.

Mwanao,
Cirhuza


Rumonge, 2 Aprili 2002

Mwanangu Cirhuza,

Murakoze cane, ahsante sana, na Mungu akuongezee. Sote tuko wazima. Benita aliota jino, Kabibi alipoteza moja, kwa hiyo mtaa haujapungukiwa.

Nilipoisoma barua yako kwa sauti, Elda alikuwa anakoroga rangi. Aliacha kijiti ndani ya sufuria, akaniomba nirudie mahali pa "kazi ya mikono iliyokazwa namna ile." Nikarudia. Akauliza: "Kile cha mistari myeusi pia?" Nikamwambia na hicho pia. Kile ndicho alichosuka yeye peke yake, mwanangu. Siku ile hakusema habari ya mashua, wala kesho yake. Sijui nikushukuru namna gani.

Basi Madame Godelieve, jina lake kama la masista wetu wa parokia, mfikishie shukrani zetu zote. Vitunga vinne hivi hapa, vikubwa kidogo. Ndani kuna ndagala kama kawaida. Hukuniambia kama zile za kwanza alizipenda. Mtu akipokea kitunga hasemi juu ya kilichomo? Au wazungu wanakula kitunga?

Kabibi yeye ana shaka. Anasema: "Muzungu anunue vitunga saba, anaweka nini mule? Iko na duka?" Anataka picha ya huyo mama akiwa na kitunga mkononi. Kusema kweli nami ningependa kumwona. Tuletee picha yake.

Mwavita


Liège, 11 Mei 2002

Mama Mdogo mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mwanao, mzima wa afya. Huku jua limeanza kukaa hadi saa tatu za usiku na watu wanatembea mikono wazi kama wamefunguliwa kutoka kifungoni. Mpe Benita hongera ya jino.

Vitunga vinne vimefika na vimeondoka. Madame Godelieve amevichukua vyote. Alinielezea sana habari za ndagala, nisamehe sikuandika mapema. Anasema alizikaanga kwa kitunguu na nyanya, akazila na bugali bwa muhogo, na vichwa vyake, akazimaliza zote siku ileile. Alikaa jikoni peke yake akala mpaka sufuria ikawa safi. Alisema hajala kitu kilichomgusa hivyo tangu muda mrefu.

Picha itakuwa vigumu. Ni mama mwenye haya, hapendi kupigwa picha. Lakini anataka vitunga sita. Mwambie Elda kile cha mistari myeusi kimewekwa mahali pa juu, kila mtu anayeingia anakiona kwanza.

Mwanao,
Cirhuza


Kigwena, 3 Julai 2002

Mwanangu Cirhuza,

Bwana asifiwe. Wote wanakusalimu. Tumesogea kidogo upande wa Kigwena, kubadilisha hewa, huku kuna michikichi mingi na kivuli. Barua tumia njia ya Olivier kama kawaida, atatupata.

Nimeisoma habari ya Madame na ndagala. Nimeisoma tena na tena. Na vichwa pia? Vizuri. Na bugali bwa muhogo. Vizuri sana.

Nimetuma sita. Utaona safari hii sikuweka gao la mkono, nimejaza hadi kifuniko kikakataa kukaa, nikakifunga kwa uzi. Kimoja kina pilipili zilizokaushwa. Mwambie Madame asile zote siku moja. Azigawe, ale kidogo kidogo, na ajipikie kila siku, asilale na chai tu. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo.

Elda anasuka. Ameanza kufundisha wasichana wawili wa hapa tulipo. Habari ya kuvuka siisikii. Ninamshukuru Mungu kwa Madame huyo kila ninapopiga magoti, kwa jina, ingawa nadhani Mungu anajua kumpata hata nikikosea jina.

Wewe nawe ule.

Mwavita


Liège, 30 Agosti 2002

Mama Mdogo mpendwa,

Nakusalimu. Nitakuwa mfupi katika salamu, unisamehe.

Nilipofungua mzigo, chumba chote kilinuka moshi. Siyo moshi wa jikoni, huo naujua, nimekulia ndani yake. Huu ni wa nyasi za paa. Kitunga kimoja kimebabuka chini, mkaweka uzi mpya juu yake, lakini nilivuta uzi nikaona. Redio hapa ilitaja Rumonge kwa sentensi moja, kisha ikaendelea na mpira. Na wewe unaniandikia habari za kubadilisha hewa. Mtu aliyezaliwa karibu na ziwa anakwenda Kigwena kufuata hewa ipi?

Niambie mlichopata. Niambie kama Benita ni mzima. Kama hali ni mbaya, vukeni. Nasema hivyo nikijua ulichosema. Heri mvuke nanyi mkiwa wazima. Nitatafuta njia.

Madame Godelieve amezipokea. Amefanya kama ulivyoagiza, amezigawa, zimemfikisha mwezi mzima. Anasema hivi karibuni alikuwa hana hamu ya kupika na sasa anapika. Anashukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Anaomba vingine sita, lakini hakuna haraka, hakuna haraka kabisa, pumzikeni.

Cirhuza


Kigwena, 12 Oktoba 2002

Mwanangu Cirhuza,

Sote watano ni wazima. Ukitaka kuhesabu: mimi, Elda, Benita, Kabibi, na mbuzi wa Kabibi. Hilo ndilo ulilotaka kujua na nimelijibu.

Moshi ni moshi. Unaingia kwenye nyuzi, unatoka. Usivute nyuzi za vitunga vya watu, unaharibu mali ya Madame.

Hatuvuki. Juzi Elda alikuwa na nafasi ya kuvuka, mashua ilikuwa hapohapo mchangani na injini inanguruma, na watu wa kijiji cha Gatete wanamwita kwa jina. Alisema: "Niko na vitunga vya Madame, sijamaliza." Akarudi kukaa. Nilienda nyuma ya mchikichi nikalia kwa furaha, nikarudi nikamgombeza kwa kuacha nyasi juani. Kwa hiyo usiniandikie tena habari ya kupumzika. Andika habari ya kazi.

Sita hivi hapa. Na cha saba ni kidogo, chenye kifuniko chekundu. Hicho hakiuzwi. Ni zawadi yetu kwa Madame Godelieve, tumekisuka wote, kila mmoja mizunguko yake, hata Benita ana mzunguko mmoja, ule uliopinda. Ndani kuna ndagala zile ndogo kabisa, za kwanza za mwezi. Naomba jambo moja tu kwako, na hujawahi kuninyima: usikitume kwa posta. Mpelekee kwa mikono yako, mlangoni kwake, umwambie: huyu aliyenilea anakushukuru.

Kabibi anasema hakuna Madame. Mwache aseme.

Mwavita


Liège, 8 Desemba 2002

Mama Mdogo mpendwa,

Amahoro kwako, kwa Elda, Benita, Mama Kabibi na mbuzi wake.

Nilikaa na kile kitunga chekundu siku nyingi juu ya meza. Kila nikitoka kilikuwa kinanitazama, nikirudi kinanitazama. Mwisho nilivaa shati safi nikashuka ngazi. Ndiyo, nilishuka, kwa sababu Madame Godelieve ndiye mwenye nyumba ninamopanga. Anakaa chini, mimi nakaa juu kabisa. Hili sikukuandikia.

Nilimwambia maneno yako kama ulivyoyasema. Alinitazama kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani kimakosa. Alifungua kifuniko, akanusa, akapiga chafya. Akauliza kwa nini kuna samaki. Nikamweleza kwamba kwetu chombo hakitoki kitupu, na anayekipokea naye akikirudisha hakirudishi kitupu. Nilidhani atacheka. Alivuta kiti akakaa. Alisema mama yake, kijijini kwao, alikuwa hivyohivyo na mayai: bakuli la jirani halikurudi bila mayai mawili ndani, hata wakati wa vita vyao, ambapo yai lilikuwa kitu cha kufichwa. Alisema tangu mama yake afe hakuna aliyemletea chombo chenye kitu ndani. Tukakaanga ndagala palepale. Alitoa vichwa akaviweka pembeni ya sahani, kimoja kimoja, kwa adabu sana.

Halafu alitaka kuona ninakokaa, akapanda ngazi zote na miguu yake mibovu. Akaona chumba changu.

Mama Mdogo, siku ile kazi ilianza upya. Alisema picha zangu ni za aibu, vitunga vinaonekana kama kofia zilizosahauliwa kitandani, hakuna anayeweza kujua ukubwa wake. Alivipanga dirishani penye mwanga, akatia matufaha ndani ya kimoja ili mtu aone kinabeba kiasi gani. Akanifanya niandike jina la aliyesuka, na mahali. Tulibadilisha picha zote maktaba, na yule mzee wa kukohoa akasubiri bila kukohoa. Ndani ya wiki mbili watu wameandika: wawili wa Ufaransa, mmoja wa Uswisi, na mama mmoja wa Montréal, Canada, ambaye alitaka kile cha mistari myeusi. Nilisita kukitoa. Nimekitoa. Mwambie Elda kimevuka bahari kubwa.

Nina kosa la kukueleza. Mzigo wa Montréal niliufunga kwa mazoea, nikaacha ndagala ndani kama mtu wa Rumonge. Forodha ya kule iliufungua, wakaondoa samaki, wakaweka karatasi ndefu ya maonyo. Nilidhani tumeharibikiwa. Lakini mama yule aliandika hivi: kitunga chake kinanuka kama boti la babu yake, na anaomba asiambiwe jinsi ya kuondoa harufu. Ameagiza vingine viwili. Ila ndagala kwa wanunuzi wa ng'ambo basi, hawaruhusu.

Pamoja na barua hii utaona kile kitunga chekundu. Madame anakirudisha. Nilimwambia zawadi hairudishwi, akasema mimi sijui desturi za kwetu, yeye sasa anazijua. Ndani ameweka pakiti za sindano za chuma, zile nene za kushonea magunia, kila mtu awe na yake. Hii ni baada ya kumweleza habari ya ubavu wa mwavuli. Chini ya sindano kuna picha uliyoomba. Ilipigwa chumbani kwangu siku ile na yule rafiki mwenye kamera. Tazama vizuri.

Mwanao anayekushukuru,
Cirhuza


Rumonge, 20 Februari 2003

Mwanangu Cirhuza,

Bwana asifiwe, na wewe ubarikiwe uamkapo na ulalapo. Tumerudi Rumonge. Benita anasoma, Elda ana wasichana saba sasa, kila mmoja na sindano yake, na Kabibi analalamika kwamba tangu aache kungojea sindano hana nafasi ya kuzungumza. Kitunga chekundu kimefika kikiwa kimejaa. Mwambie Madame Godelieve kwamba watu wote wa hapa wamemwona, wamemkubali, na viatu vyake wamevisifu.

Picha niliitazama vizuri kama ulivyosema. Kwanza nilimwona Madame, ameshika kitunga kwa mikono miwili, na uso mwema. Kisha nikakuona wewe. Umekonda. Kisha nikaona nyuma yenu. Juu ya kabati, chini ya dirisha, kando ya kitanda, juu ya kitanda. Nilikuwa ninavijua kimoja kimoja. Kile cha kwanza nilichokosea mzunguko. Kile cha pilipili. Kile kilichoungua. Kabibi alichukua picha, akahesabu kwa kidole. Kisha akasema: "Muzungu mwenyewe iko huyu mutoto wetu." Akajifuta macho kwa kitenge chake akaenda kumfunga mbuzi ambaye alikuwa amekwisha kufungwa.

Mimi sikushtuka. Nilijua tangu barua yako ya mwezi wa tano. Mzungu gani anakula ndagala na vichwa? Mzungu gani wa Liège anasonga bugali bwa muhogo? Lakini hilo lilinichekesha tu. Lililoniuma ni kwamba alizimaliza zote siku moja, akiwa peke yake jikoni, mpaka sufuria ikawa safi. Mtu anayemaliza ndagala zote siku moja ana njaa. Nikasema moyoni: mtoto huyu anaweka chakula chake chote ndani ya vitunga vyangu. Ningekuandikia uache, ungeacha, na Elda angeuliza Madame yuko wapi, na mashua iko mchangani. Nilikosa njia. Basi nikajaza ndagala mpaka vifuniko vikakataa. Nilikuwa siwezi kukurudishia pesa, lakini kukulisha nilikuwa naweza.

Na kile cha zawadi nilikituma nikijua. Nilisema, kama hayupo, jina hilo amelitoa kwa mtu fulani, na mtu huyo anaishi karibu na mwanangu, na afadhali amjue.

Sasa na mimi nikuambie la moshi, maana umeonyesha chumba chako na mimi nionyeshe changu. Nyumba iliungua mwezi wa sita. Tulitoka na watoto na vitunga vya Madame, kitu kingine hatukutoka nacho. Elda ndiye aliyeingia tena kuvichukua, nikimpigia kelele asirudi. Alisema vina mwenyewe anayevisubiri. Tulilala chini ya michikichi ya Kigwena mpaka mvua, na asubuhi ya kwanza kabisa, kabla hata ya moto wa uji, alikaa akaendelea kusuka palepale alipoishia. Watu waliotuzunguka waliona mtu anafanya kazi, wakaanza na wao kuokota vyao. Wengi walivuka. Sisi tupo. Paa jipya limekwishapandishwa, ni la mabati, lina kelele wakati wa mvua, na kila likipiga kelele ninakushukuru. Kuna watu wanafadhili kwa mkono mmoja na kujionyesha kwa ule mwingine. Wewe ulijificha nyuma ya mama wa watu, ukanifanya nile nikiwa nimesimama wima. Ahsante, mwanangu. Ahsante, ahsante.

Vitunga vya Montréal na Uswisi hivi hapa. Kama forodha wanaogopa ndagala, basi Benita amechora samaki kwenye karatasi, mmoja kwa kila kitunga, amewapaka rangi, wengine wana miguu. Usiwaondoe. Mnunuzi asipokee kitunga kitupu kwa sababu ya serikali yake.

Na kikubwa kile kilichofungwa kwa kitambaa changu cha kichwa ni chako wewe. Wala Madame, wala nani. Kimejaa hadi juu, pilipili ziko chini. Kula, na umwite Madame mle pamoja, mwonyeshe kwamba vichwa ndivyo vitamu. Vita hivi vina siku yake ya kwisha, watu wanazungumza huko juu, na barabara itafunguka. Desturi unaijua, umemfundisha hata mzungu: kitunga kinarudi kilikotoka, na kinarudi na kitu ndani.

Hicho usikirudishe kwa posta.

Mama yako mdogo,
Mwavita